Kengele ya Tatu

Isiolo
9 Juni 1976

Dada Abiba,

Salaam aleikum, wewe na shemeji Kanchoro na vitunguu vyenu vyote. Sisi ni wazima. Jua la hapa pia ni zima, limekaa juu ya vichwa vyetu kama mgeni asiyejua kuaga. Barua hii inaletwa na Chachu kwa lori lake. Akikwambia nimekonda usimwamini, macho yake yamezoea barabara tu, mtu akisimama pembeni anaona kijiti.

Nakuandikia kwa sababu mji wetu umepata kitu, na mtu wa kwanza kukielewa ni mimi. Hao wengine wanakitazama vile mbuzi anatazama redio. Gikunda, yule Mmeru mwenye hoteli karibu na soko la mifugo, amenunua mashine kutoka klabu ya wazungu kule Nanyuki. Wazungu wenyewe wameuza kila kitu wakaenda kwao. Ni ya chuma, kimo chake kama mtoto wa darasa la tatu, na iko na mkono mmoja, wa kulia. Kifua chake ni kioo. Nyuma ya kioo kuna picha zinazunguka kwa magurudumu matatu. Unailisha shilingi mdomoni, unavuta mkono, na picha zinatimka kama punda walioona simba. Kisha zinasimama, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuna ndimu. Kuna vitunda vyekundu viwili vilivyoshikana kijiti, hivyo hata Gikunda hajui jina. Na kuna kengele. Kengele tatu zikijipanga mstari mmoja, tumbo linafunguka na mashine inatapika kila kitu imekula tangu Nanyuki. Hakuna mtu amewahi kuziona zikijipanga. Zinamngoja mwenyewe, na mwenyewe ndiye anakuandikia.

Mchana mji ukilala naenda kukaa mbele yake. Ng'ombe wangu Dalati namfunga nyuma, kwa kivuli cha ukuta wa Gikunda. Nasikia akicheua na ile kengele ya mkebe baba alimtengenezea mama yake ikilia polepole, tong, tong. Ndani, kengele za picha zinapita bila sauti. Vumbi linaingia mlangoni likiwa limeshika mwanga, linasimama hewani, haliendi mahali. Dada, kuna wakati sijui kama niko macho. Naona ng'ombe wanapita ndani ya kile kioo, weupe, wa kijivu, wekundu, hawaishi, na wote wananijua jina.

Usiogope. Nakunywa soda tu.

Siku nikizipata hizo kengele nitajenga zizi lianzie Ngaremara liishie Leparua. Wewe utapita katikati na gari na utachoka kupunga mkono.

Ni mimi ndugu yako,
Boru, bingwa wa Isiolo bila mpinzani

*

Rapsu
16 Juni 1976

Boru,

Aleikum salaam. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu. Mwalimu wetu wa ngumbaru anasema mwandiko wangu sasa unasomeka. Wako, wewe uliyefika darasa la sita, unafanana na mahali kuku wamepigana.

Nina swali dogo. Hiyo hoteli ya Gikunda inapika nini? Chachu nilimuuliza akaanza kukohoa. Hoteli ambayo mtu akiitaja dereva anakohoa, mimi naijua ni hoteli gani.

Swali la pili. Mashine yako ina mkono mmoja, wa kupokea. Mkono wa kutoa uko wapi?

Nieleze habari za Dalati. Tumbo limeanza kuonekana? Dume la Mzee Elema lilimpanda kabla ya mvua, kwa hivyo unapaswa kuwa umeona kitu kama macho yako hayajaisha kwenye kioo. Usimfunge juani. Usimfunge karibu na walevi. Ng'ombe huyo ametoka mbali kufika hapo, na si wewe peke yako uliyemfikisha.

Shemeji yako anakusalimu. Amesema zizi likifika Leparua umtafutie kazi ya kufungua lango.

Dada yako,
Abiba

*

Isiolo
2 Julai 1976

Dada mpendwa, dada wa kalamu kali,

Keti chini kwanza. Ukiwa umesimama shambani, tafuta ukingo wa mfereji ukae. Nimeikamua mashine!

Sikiza. Nilikuwa nimeikalia mchana kama kawaida, nikiwa katikati ya usingizi na Isiolo, na nikaona jambo ambalo mhandisi wa Ulaya hawezi kuona. Ile mashine si kali wala si mchoyo. Imefiwa. Huko Nanyuki zilikuwa mbili, Gikunda mwenyewe amesema, moja kubwa na moja ndogo, na ile ndogo iliharibika ikatupwa. Kumbe! Wewe unakumbuka ng'ombe wetu akifiwa na ndama alikuwa anabana maziwa, hata umkamue na nani. Na mama angefanya nini? Angechukua ngozi ya yule ndama, aijaze nyasi, aiweke mbele ya mama yake ainuse, halafu amwimbie pole pole. Maziwa yakashuka.

Basi nikaenda kwa Akal, yule nyanya Mturkana anayeuza maziwa pale sokoni, nikamwomba ngozi ya ndama. "Ya nini?" akauliza. "Ya kazi," nikasema. "Wewe na kazi mlijuana lini?" Lakini alinipa.

Nikaijaza nyasi, nikaiegemeza kwenye mashine, pua iguse chuma. Nikaiimbia ule wimbo wa mama, wa kukamua. Walevi wakacheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Mimi sikucheka. Nikailisha shilingi, nikavuta mkono vile unavuta chuchu, si kwa nguvu, kwa heshima. Vitunda vyekundu. Vitunda vyekundu. Vitunda vyekundu! Shilingi zikashuka, dada, na sauti yake ilikuwa ile ile ya maziwa ya kwanza yakipiga kibuyu kitupu. Kicheko kikakatika kama kamba.

Sasa nikipita barabarani watoto wananifuata. Gikunda ananiita "daktari wa mifugo". Hata jua limepunguza kiburi.

Chachu ana mfuko wa sukari na majani ya chai, ni yako. Kunywa chai ukinitaja.

Boru,
Mkamuaji wa Chuma

*

Rapsu
10 Julai 1976

Boru,

Sukari ya kamari haiingii kwenye chai yangu. Niliimwaga kando ya mfereji, nikawapa siafu. Tangu siku hiyo siafu hawalali, wanafanya kazi kama watu waliorogwa. Naona kitu hicho hicho kimekupata wewe.

Hadithi yako ya ngozi nilimsomea shemeji yako. Alicheka. Mimi nilicheka pia, mwanzoni. Kisha nikakumbuka vile macho ya ng'ombe yanakuwa anapolamba ile ngozi. Anailamba kwa mapenzi ya kweli, na ndani ni nyasi. Niambie, mdogo wangu: hapo kwa Gikunda, ni nani ng'ombe? Ni nani amewekewa ngozi mbele ya pua, akakamuliwa?

Mrudishie Akal ngozi yake. Mpeleke Dalati malishoni Ngaremara, ukae huko mpaka kichwa kipoe.

Abiba

*

Isiolo
28 Julai 1976

Dada,

Salaam nyingi. Hapa pepo zinavuma sana. Zinabeba karatasi, majani makavu, kofia za watu. Mzee Elema alikimbiza kilemba chake mpaka posta.

Dalati ni mzima. Tumbo linaonekana vizuri. Siku hizi anakula majani mengi kuliko zamani, na ana kivuli chake peke yake, hata maji analetewa.

Nilikuwa nauliza tu, kwa kupenda kujua. Kwa sisi Borana, mtoto wa kiume akizaliwa, kitovu chake kikikatwa, baba anamtajia ndama jike, na huyo na uzao wake ndio mwanzo wa zizi la yule mtoto. Si ni kweli ng'ombe wa kitovu hawezi kutengana na mwenyewe kwa mchezo? Yaani kama ni mchezo tu, si kuuza, si mahari. Nauliza kwa ajili ya rafiki yangu.

Nina haraka, Chachu anapiga honi.

Boru

*

Rapsu
3 Agosti 1976

Boru,

Honi Chachu hakupiga. Alisema ulimpa barua ukakimbia.

Amesema pia kwamba Dalati amefungwa ndani ya ua wa Gikunda, ana alama ya rangi nyekundu mgongoni, na mnunuzi wa Nanyuki atampitia na lori kabla ya Ramadhani. Chachu hajui kudanganya, hilo ni jambo linahitaji akili.

Andika yote. Usinichekeshe.

Abiba

*

Isiolo
9 Agosti 1976

Dada,

Naandika yote.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ile hata kunguru wanafungua mdomo bila kulia. Nilikuwa nimekaa mbele ya mashine, na ngozi, na wimbo. Shilingi zangu zilikuwa zimerudi zote ndani ya tumbo lake siku nyingi, hilo sikukwambia. Gikunda akaja akaegemea kaunta. Akasema, "Daktari, shilingi ni za watoto. Wanaume wanacheza na kitu chenye damu." Akatoa ufunguo wa pikipiki yake, akauweka juu ya mashine. "Kengele tatu, pikipiki ni yako, na tumbo lote la mashine. Kuvuta mara moja tu. Wewe unaweka nini?"

Ningesema sina kitu. Ningesema mama ananiita, hata kama mama amekufa. Lakini watu walikuwa wameingia mlangoni, na ile nuru ya vumbi ilikuwa imesimama vile inasimama, na mimi nilikuwa ninaona ng'ombe wangu ndani ya kioo, wengi, wananijua jina. Nikasikia mtu anasema "Dalati". Sauti ilikuwa yangu.

Nikavuta.

Gurudumu la kwanza likasimama: kengele. La pili likasimama: kengele. La tatu likaanza kuchoka. Nikaona kengele inakuja kutoka juu, polepole, kama ng'ombe wa mwisho anayerudi nyumbani akiwa ameshiba. Dada, na wakati huo huo nikaisikia. Wallahi nimeisikia. Tong.

Nikaruka. Nikapiga kelele nimeshinda, nikamkumbatia mlevi nisiyemjua, nikamwita ndugu. Kisha nikaona hakuna mwingine anaruka. Nikatazama kioo. Kengele, kengele, ndimu.

Ile ya tatu ilikuwa nyuma ya ukuta. Dalati alikuwa ametikisa shingo kufukuza nzi.

Sasa kuna njia moja. Nimemlilia Mzee Elema na amekubali wazee wakae Ijumaa ya tarehe ishirini, baada ya swala. Nitasema Dalati ni wa uzao wa ng'ombe wangu wa kitovu, na kitu cha kitovu si cha kuwekwa mchezoni, ni kama kuweka sikio lako mezani. Gikunda ni Mmeru lakini anafanya biashara na sisi, akiambiwa na wazee mila ni hii atasikia. Lakini Elema anataka shahidi wa nyumbani kwetu, na nyumbani kwetu tumebaki wawili. Njoo useme. Ama mtumie Chachu neno lako. Sema tu: ndiyo, Dalati ni wa kitovu cha Boru. Maneno madogo, hata siafu wako wanaweza kuyabeba.

Dada, bila huyo ng'ombe mimi ni nani? Hapa mjini kuna vijana wana baiskeli, wana viatu, wana kazi ya serikali. Mimi nina kitovu.

Boru

*

Rapsu
14 Agosti 1976

Boru, mdogo wangu,

Nimekaa na kalamu tangu Chachu alete barua. Shemeji yako amekula chakula baridi na hakuuliza.

Ule mwaka wa vita vya shifta, serikali ilipotufungia kijijini, watu hawakuruhusiwa kutoka kuchunga. Mifugo ilifia ndani ya ua tukiitazama. Hayo unayakumbuka kidogo. Hukumbuki mengi kwa sababu ulikuwa umeshikwa na homa, umelala, macho yako yakitazama mahali tusipopaona. Ng'ombe wako wa kitovu alikufa, na wanawe wakafa, na wa mwisho kabisa alianguka hatua chache kutoka lango. Uzao wake uliishia hapo.

Mimi nilikuwa na ndama mmoja jike. Alinipa Akko, mama yake mama, nilipomaliza kumuuguza mguu. Nilimweka ndani ya nyumba, chini ya kitanda changu, nikamnywesha uji wa posho yangu. Nilikuwa nakunywa nusu, nampa nusu.

Na wewe kila asubuhi ulikuwa unauliza, "Ng'ombe wangu yuko wapi?" Hukuuliza maji. Siku moja baba alimtoa ndama chini ya kitanda changu, akamleta karibu na uso wako, akasema, "Huyu hapa, huyu ndiye uzao wake." Ulimshika sikio ukacheka. Siku hiyo ulikula. Baba akanitazama. Mimi sikusema kitu, na sijasema mpaka leo. Huyo ndama ndiye mama yake Dalati.

Sikuja kujuta hata siku moja. Ulipokuwa unajisifu mbele ya watoto wenzako kuhusu ng'ombe wako wa kitovu, mimi nilikuwa nageuza uso nicheke. Lakini siwezi kumtaja Mungu mbele ya wazee, siku ya Ijumaa, nikasema kitu ambacho najua si kweli. Na Mzee Elema anajua. Siku ile baba alipokuonyesha ndama, yeye alikuwa amesimama mlangoni.

Mtu hawezi kuweka mchezoni kitu kisicho chake. Kwa hivyo neno la kumrudisha Dalati lipo. Lakini mimi sitakuja kulisema, wala Chachu hatalibeba. Mdomo uliomtoa ndio utamrudisha.

Ukilisema, hutakuwa na ng'ombe hata mmoja chini ya jua, wala hutakuwa umewahi kuwa naye. Najua ninachokuomba. Usiponijibu nitaelewa. Lori likimchukua, pia nitaelewa, na sitakuandikia tena mambo ya ng'ombe. Tutaandikiana mambo ya mvua.

Dada yako,
Abiba

*

Isiolo
22 Agosti 1976

Dada,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaisoma nikiwa nimekaa. Haikubadilika.

Nilitembea mpaka Ngaremara na siwezi kukwambia nilipita wapi. Nilijishika kitovu njiani kama mjinga, kuona kama bado kipo. Kule kulikuwa na mbuzi wa mtu, nikajaribu kuwaambia: mimi sina ng'ombe. Mbuzi wakaendelea kula. Nikasema tena kwa nguvu. Mmoja akaniangalia, akajamba. Basi nikajua maneno yanaweza kutoka na dunia isianguke.

Ijumaa Mzee Elema alikataa kuingia kwa Gikunda. Alisema miguu yake haijaingia nyumba ya pombe na haitaanza na uzee. Akakaa uani, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, na wazee wenzake wakakaa ukutani. Akaamuru mashine itolewe aione. Wanaume wanne waliibeba wakitokwa jasho, wakaiweka juani mbele yake. Dada, juani ilikuwa ndogo! Ina kutu kwa miguu. Dalati alikuwa amefungwa pale kando, akaisogelea, akainusa, akageuka.

"Hii inazaa?" Elema akauliza.

"Haizai, mzee," Gikunda akasema.

"Inakojoa?"

"Hapana."

"Na huyu kijana wetu aliiimbia wimbo wa kukamua."

Watu wakacheka mpaka ukuta nao ukacheka. Akal alikuwa nyuma yao, akapaza sauti, "Na ngozi yangu hajarudisha!"

Elema akangoja wanyamaze. Kisha akanitazama, na sasa najua alikuwa ananitazama hivyo tangu niwe mtoto. "Boru, Dalati ni ng'ombe wa nani?"

Nilikuwa na maneno yangu mazuri. Wewe unajua niko nayo, hayaishi. Nilifungua mdomo na yote yalikuwa yamekwenda malishoni.

"Si wangu," nikasema. "Ni wa dada yangu Abiba. Mama yake alikuwa ndama wa Abiba, alipewa na Akko. Ng'ombe wangu wa kitovu alikufa na wanawe wote nikiwa na homa. Mimi sina ng'ombe. Nilikuwa najisifu kwa ng'ombe wa mwanamke."

Kijana mmoja akacheka, akafinywa. Halafu Dalati akatikisa shingo. Tong. Safari hii sikuruka.

Elema akasema, "Nilikuwa nangoja kujua hilo litatoka kwa mdomo wa nani." Akamgeukia Gikunda. "Aliyeweka kisicho chake hakuweka kitu."

"Kwa hivyo kijana aliweka upepo juu ya mashine yangu?" Gikunda akasema. "Mzee, pikipiki yangu haikuwa upepo! Ningeshindwa ningetembea kwa miguu!"

Na hapo, dada, hata mimi niliona ana haki. Nikasema nitamfanyia kazi mpaka mvua ifike: kuosha gilasi, kuteka maji, kufagia, kumwambia kila mlevi njia ya kwake. Gikunda akanipima na macho. "Na utaacha kuniimbia mashine?" Nikasema nitaacha. "Haya," akasema, "maana wateja walikuwa wameanza kusinzia."

Kwanza ameniruhusu nimlete Dalati kwako. Nitamswaga mwenyewe kwa miguu. Ile rangi ya mgongoni nimejaribu kuisugua kwa majivu, imebaki kidogo, kama aibu yangu, lakini itaondoka na manyoya.

Boru
(leo bila cheo)

*

Rapsu
27 Novemba 1976

Boru,

Tangu Agosti umeniandikia barua mbili, zote za mvua. Sasa mvua imefika, kwa hivyo hatuna la kusema ila ukweli.

Alfajiri ile ulimfunga Dalati langoni ukaondoka kabla sijamaliza kuswali. Ulifikiri sitajua. Nyayo zako zilizunguka lango mara kadhaa kama za mtu aliyetaka kubisha. Shemeji yako alikukimbilia na chai mpaka kwenye mfereji wa pili, akarudi akainywa yeye.

Chachu anasema unaosha gilasi vizuri, na kwamba mashine unaifuta vumbi kila asubuhi bila kuishika mkono. Anasema pia umeanza kujisifu kwamba hakuna gilasi Isiolo nzima zinazong'aa kama zako. Nikamshukuru Mungu, nikajua umepona.

Sasa sikiza, na usicheke.

Dalati alishikwa na uchungu juzi mchana. Mvua ilikuwa nyepesi, inaanguka juu ya vitunguu bila sauti, na jua lilikuwa linawaka ndani yake, kila kitu kilikuwa kama kimewekwa nyuma ya kioo. Nilikaa naye peke yangu. Nilikuwa na wembe na uzi. Moyoni nilikuwa nimeweka neno, sikumwambia hata shemeji yako: akiwa jike, nitakata kitovu chake nikilitaja jina lako, Boru, na atakuwa wako, yeye na uzao wake, na safari hii itakuwa kweli.

Nikaweka mkono juu ya tumbo, nikangoja. Mimi, niliyewapa siafu sukari yako. Moyo wangu ulikuwa unazunguka na siwezi kuusimamisha. Kwato zikaja kwanza. Nikasema, bismillahi. Kisha pua. Kisha mabega, na mwili wote ukateleza ukaanguka juu ya nyasi ukitoa mvuke, wa kijivu kama mama yake, mzuri, na Dalati akageuka kumlamba, na ile kengele ya mkebe ikalia. Nikainua mkia kutazama.

Ndimu.

Ni dume, mdogo wangu. Nilikaa chini kwenye matope nikacheka mpaka machozi. Nikaelewa ulikuwa unaona nini ndani ya kile kioo.

Lakini Dalati bado ni kijana, na nitangoja tena mwaka ujao, na mwaka unaofuata. Mashine hii ina jambo ambalo ya Gikunda haina. Hata ukikosa, maziwa yanashuka.

Gilasi zikikauka, njoo unywe.

Abiba